Ombi la Gichiaro

Kama gazeti la juma lililopita lilifungiwa nyama kabla hujalisoma, si kitu, nitakueleza kwa ufupi tulipofika.

Naitwa Kiende. Nilikuwa naketi kaunta katika baa ya Kiambi pale Maua. Korona ilipoingia na baa zikafungwa, kulikuwa na mpiga gita kutoka Mbeere, upande wa Embu, aliyekuwa amekuja kutupigia wikendi moja tu. Jina lake Njura. Yeye hakuwa na kazi ya kurudia kwao, na mimi sikuwa na mtu. Akaja kwangu kujibanza usiku mmoja kwa sababu ya kafyu, akakaa mpaka mtoto wetu akaota meno.

Kafyu ndiyo iliyonipa mume. Wengine walipata hasara, mimi nikapata Njura. Mchana alienda mashamba ya Laare kufunga miraa. Jioni, kabla polisi hawajatoka barabarani, alikuwa mlangoni anavua viatu na kuuliza mtoto amekula nini. Nikazoea. Kama unatafuta kosa langu, anzia hapo.

Mtoto tulimwita Rwamba, jina la baba yake Njura. Mzee huyo alifariki korona ikiwa kali, akazikwa mbiombio na watu wa afya, Njura akafika udongo umeshawekwa. Mama yake Njura, Wambeti, alikuwa hajamwona mjukuu kwa macho, lakini kila siku alinipigia simu akiuliza, "Mume wangu ameamkaje?" Nyanya wa kwao, na hata wa kwetu, ndivyo humtania mjukuu aliyebeba jina la mume. Nilikuwa nacheka naye.

Aliyekuwa hacheki ni baba yangu, Mzee Muthamia wa Laare. Nilimpelekea mtoto amshike, akarudisha mikono mfukoni.

"Watu wa baba yake hawajaja kusema neno kwangu," alisema. "Huyo bado yuko njiani."

Nilipokuachia, kafyu ilikuwa imeondolewa na Kiambi alikuwa amebeba nyundo kwenda kuvunja mnyororo wa mlango wa baa.

*

Nyundo ilishindwa. Ilibidi aitwe fundi wa kuchomelea vyuma.

Mnyororo ule ulikuwa wa kuwaonyesha polisi kwamba baa imefungwa. Wateja wenyewe walikuwa wakiingia kupitia jikoni na kufungiwa ndani mpaka asubuhi. Ufunguo ulipotea zamani na hakuna aliyeutafuta.

Basi jioni hiyo watu waliingia kwa mlango wa mbele, na wakaona aibu. Ukimwona mtu aliyezoea kupitia jikoni akipita mbele ya barabara na uso wazi, bila barakoa, utadhani amevuliwa nguo. Mwalimu Bundi, ambaye hakuwahi kukosa hata siku moja, alinyoosha ngumi kumsalimia mwenzake. Mwenzake akatoa kiwiko. Wakacheka, mwisho wakashikana mikono, halafu kila mmoja akajipangusa kwa suruali akidhani mwingine haoni.

Saa ya kafyu ya zamani ilipofika, baa nzima ikasimama.

"Nyinyi mnaenda wapi?" Kiambi aliuliza.

"Nyumbani."

"Nani amewafukuza?"

Wakatazamana. Mmoja akaketi nusu, akasimama tena.

"Kiambi, funga basi huo mlango," Mwalimu Bundi akasema. "Ukiwa wazi hivyo bia haishuki. Naona ni kama polisi wananiangalia."

"Sifungi! Serikali imesema mkeshe!"

"Haya, rudisha tu kidogo."

Kiambi akaurudisha. Watu wakaketi, wakaagiza.

Kisha akamwita Njura apige gita.

Njura alikuwa hajapiga mbele ya watu tangu mwanzo wa korona. Nyumbani alikuwa akimpigia mtoto, polepole, kidole kimoja kimoja, mpaka mtoto alale. Na ndivyo alivyoanza pale baa, kwa upole ule ule. Mtu akapiga kelele kutoka nyuma, "Wewe! Kwani unatubembeleza tulale?" Watu wakacheka. Njura naye akacheka, akaongeza spika, akabadilisha mkono.

Sitakueleza alivyopiga. Nitakueleza tu kwamba niliuona uso wake, na ulikuwa uso nisioujua. Mwanamume niliyeishi naye, aliyekuwa akiuliza mtoto amekula nini, hakuwa na uso huo. Meza zikasukumwa ukutani. Wanawake waliokuja na waume zao wakawaacha hapo na kwenda mbele kucheza.

Nilijua siku hiyo hiyo kwamba nimempoteza. Sikuambiwa na mtu. Ungedhani ningeumia, lakini sikusikia kitu. Niliendelea kufungua chupa na kurudisha chenji.

*

Baada ya hapo Njura akawa mtu wa kurudi asubuhi.

Mimi nilikuwa natoka zamu mapema kwa sababu ya mtoto, ambaye jirani yangu Karwirwa alikuwa akinishikia. Njura alibaki. Ijumaa baa ya Kiambi, Jumamosi Meru mjini, Jumapili akaanza kuitwa Embu. Kila mahali watu walikuwa wanalipiza zile siku za kukaa ndani. Alirudi jua limetoka, akalala na viatu.

"Njura, mtoto alikuwa na homa."

"Amepona?"

"Amepona."

"Basi ni sawa."

"Ulikuwa wapi mpaka saa hii?"

"Kazini. Kwani hujui kazi yangu? Ulinipatia wapi, kanisani?"

Nilinyamaza kwa sababu ni kweli, hatukupatana kanisani. Karwirwa aliniambia nimkemee, nilie, nitupe nguo zake nje, nifanye kitu. Nilimwambia nitafanya. Nikaenda kuosha vyombo.

Asubuhi moja alirudi akaketi kitandani badala ya kulala. Alikuwa na macho makavu, hajanywa.

"Kiende, kwenu ni ukoo gani?"

Nilimtajia. Tulikuwa tumeishi pamoja muda huo wote na hatukuwahi kuulizana. Wakati tulipoanzana watu walikuwa wanaulizana kama una kikohozi.

"Una uhakika?"

"Mtu hana uhakika na ukoo wake?"

"Ukoo wa baba yako, si wa mama."

"Wa baba yangu. Kwa nini?"

"Hakuna. Nimeuliza tu."

Alitoka nje na simu. Nilimsikia akiongea Kimbeere na mama yake, sauti ya chini, kwa muda mrefu. Aliporudi alimwinua mtoto kutoka kwa godoro, akamkumbatia, akamnusa kichwa. Alikuwa hajafanya hivyo tangu kafyu iondolewe. Nikajiambia, pengine amerudi.

Wiki iliyofuata akaniambia, "Mwambie baba yako Jumamosi asiende popote. Wazee wetu wanakuja."

"Kuja kufanya nini?"

"Wewe unadhani wazee huja kufanya nini?"

Karwirwa alipopata habari alipiga vigelegele mpaka watoto wa ploti wakatoka. Akanishonea rinda. Mimi nilitafuta furaha nikaikosa. Nikadhani imechelewa tu, itakuja Jumamosi pamoja na wageni.

*

Walifika Laare mchana, wote watatu. Mwaniki, ndugu mdogo wa marehemu Mzee Rwamba, mtu mrefu mwenye kofia ya sufu. Mama Wambeti, na kitambaa cheupe kichwani. Na Njura, amevaa koti ambalo sijui alilinunua lini.

Kwa muda mrefu nyumba ya baba haikuwa imeona wageni zaidi ya wale wa kusimama mlangoni. Wazee wa kwetu walikuwa wamejaa sebuleni. Kila mtu alimpa kila mtu mkono. Hata wale waliokwisha kusalimiana walirudia. Shangazi yangu Marcella, aliyekuwa akisimamia chakula, aliwatazama akasema, "Mikono hii ilikuwa imefungwa jela."

Mama Wambeti hakuketi. Alikuja moja kwa moja mpaka niliposimama na mtoto mgongoni.

"Nipatie mume wangu."

Nilimfungua mtoto nikampa. Alimtazama uso, masikio, vidole. Akalia bila sauti. Nilimhurumia. Nataka ujue kwamba nilimhurumia, kwa sababu ya yale utakayosikia.

Watu wakala. Uji ukazunguka. Kisha Mwaniki akafungua mfuko na kutoa kitita cha miraa, ile ya heshima, ya mti wa zamani, imefungwa vizuri ndani ya jani la mgomba. Kwetu Igembe hiyo ndiyo barua ya posa. Baba wa msichana akiifungua na kutafuna, mazungumzo yameanza. Asipoifungua, rudi ulikotoka.

Mwaniki akaiweka mbele ya baba kwa mikono miwili.

Baba akaichukua. Alikuwa ametabasamu. Alikuwa ameanza kuvuta kamba ya kitita alipouliza, kwa mazoea tu, kama mtu anayeuliza barabara ilikuwaje, "Na nyinyi huko Mbeere, ukoo wenu ni upi?"

Mwaniki akataja.

Mkono wa baba ukasimama.

"Rudia."

Mwaniki akarudia.

Baba akairudisha miraa chini, akaisukuma mbali na goti lake. Mzee mmoja wa kwetu aliyekuwa akitafuna nyama aliitema mkononi. Na Mwaniki, ambaye hakuwa ameambiwa ukoo wetu, akauliza, akajibiwa, akavua kofia.

Kwa msomaji wa mbali ambaye hajui gichiaro, nitakueleza haraka kama nilivyoelezwa mimi nikiwa mdogo. Zamani za vita na njaa, koo nyingine zilikula kiapo cha damu, zikawa ndugu. Mtu wa ukoo ule ni gichiaro wako, ndugu yako hata kama hujawahi kumwona. Humpigi. Humdanganyi. Humwoi. Na akikuomba kitu, chochote, humnyimi. Ukimnyima, mabaya yatakayokupata hayana dawa. Baba yangu ni mzee wa kanisa, anahubiri, ana funguo za sanduku la sadaka. Haogopi mchawi wala nyoka. Gichiaro anakiogopa.

"Watoto hawa ni ndugu," baba alisema.

Wazee wakaweka mabakuli chini.

"Hamkuulizana?" Baba alikuwa ananitazama mimi. "Mtu mzima unaishi na mwanamume na humuulizi ukoo wake?"

"Ni korona, Muthamia," shangazi Marcella alisema. "Wazee walikuwa wamefungiwa. Nani angewauliza?"

"Simuulizi korona. Namuuliza Kiende. Hamkuulizana?"

"Aliniuliza," nikasema.

"Lini?"

"Juzi tu. Kabla ya kuniambia wazee wao wanakuja."

Mwaniki akageuka polepole kwenye kiti. "Njura. Ulikuwa unajua?"

Njura alikuwa anaangalia vidole vyake.

"Njura, nakuuliza. Umenitoa Mbeere na kitita cha miraa, umeniketisha mbele ya gichiaro wangu kuposa dada yako, na ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Na wewe Wambeti?"

Mama Wambeti alikuwa anamtikisa mtoto juu ya magoti, anamwimbia kitu. Hakuinua macho.

Hapo ndipo ningepaswa kupiga kelele. Badala yake nilikuwa naona uji ulioganda kwenye bakuli la mzee mmoja, na nilikuwa nafikiria kwamba bakuli hilo litasumbua kuosha.

Wazee walitoka nje kuongea, wakarudi. Baba akatoa uamuzi. Mimi na Njura tutengane leo. Kondoo atachinjwa, tutatakaswa, tutaitana ndugu na dada. Mtoto hana hatia, na kwa kuwa hakuna mali ya mahari iliyotolewa, ni wa nyumba hii. Atalelewa Laare.

Nilisikia neno hilo la mwisho nikapumua. Nimepoteza mume, nikajiambia, lakini nimebaki na mtoto, na sasa baba atamshika.

Njura akasimama.

"Mzee Muthamia, mimi ni nani kwako?"

Baba akasita. "Wewe ni gichiaro."

"Naweza kuomba kitu?"

Watu wakaanza kunong'ona. Niliona shangazi Marcella akiweka mkono mdomoni, na macho yake yalikuwa yanacheka. Hata mimi nilielewa, au nilidhani nimeelewa. Gichiaro hanyimwi. Angeniomba mimi. Angewabana wazee kwa kiapo chao wenyewe, wangekuna vichwa mpaka jioni. Kwa mara ya kwanza tangu kafyu iondolewe, kitu kilisogea kifuani mwangu.

"Omba," baba alisema.

"Naomba mtoto."

Shangazi Marcella akashusha mkono.

"Jina ni la baba yangu," Njura akaendelea. Maneno yalitoka yamepangwa, kama ya mtu aliyeyafanyia mazoezi. "Baba yangu alizikwa kama mtu asiye na watu. Mama amebaki peke yake kwa hiyo nyumba. Naomba huyu mtoto aende kwao. Naomba kama gichiaro."

Ndipo nikaelewa yote, hata swali lake la ukoo asubuhi ile. Angenioa, angetoa mali na angenipata mimi na mtoto. Asiponioa, mtoto ni wa Laare. Lakini gichiaro huchukua anachotaka peke yake, na hakuna wa kumkatalia.

"Njura," nikasema.

Hakugeuka.

"Njura, mimi si ndiye mama yake?"

"Siombi kwako, Kiende. Naomba kwa baba yako."

Utaniambia nchi ina sheria na kuna ofisi za watoto. Ni kweli. Jumamosi hazifunguliwi. Na hapo sebuleni hakukuwa na mtu hata mmoja, aliyesoma na asiyesoma, ambaye angekuwa wa kwanza kusema hapana.

Baba alifunga macho, midomo ikawa inasogea, sijui alikuwa anasali kwa nani. Alipofungua macho alikuwa amezeeka.

"Siwezi kukunyima," alisema.

Akainuka. Akaenda mpaka kwa Mama Wambeti, akanyoosha mikono, akamchukua mtoto. Alimshika vibaya, kama mtu aliyesahau watoto hushikwaje. Rwamba akamvuta ndevu. Baba akamwangalia kwa muda, kisha akamrudisha mikononi mwa Mama Wambeti na kusema maneno ya kutoa kwa Kimeru, mbele ya wote. Mara ya kwanza baba yangu kumshika mjukuu wake, alikuwa anamtoa.

Shangazi Marcella alitoka nje. Nilimsikia akilia jikoni. Mimi sikulia. Nilikuwa nimeketi na ile shuka ya kumbebea mtoto mapajani, bado ina joto lake.

Mwaniki alikuwa ameanza kukusanya mfuko wake. Hakuonekana kama mtu aliyeshinda kitu.

"Mzee Mwaniki," nikasema, "na mimi ni nani kwenu?"

Akaacha mfuko. "Wewe?"

"Mimi ni wa ukoo huu. Mimi ni nani kwenu?"

"Kiende, nyamaza," baba alisema. "Mwanamke haombi gichiaro."

"Wacha aseme," Mwaniki akasema. "Mimi sijasikia popote kwamba kiapo kilikuwa cha wanaume tu. Wewe ni gichiaro wetu, mama. Una ombi?"

"Naomba mtoto wangu."

Akatikisa kichwa, na alinitazama kwa huruma. "Kilichotolewa kwa gichiaro hakiombwi siku hiyo hiyo. Omba kingine."

Nilifikiria. Sikuwa na haraka. Watu walikuwa wananitazama na macho yao hayakunigusa.

"Mama Wambeti yuko peke yake kwa hiyo nyumba," nikasema. "Nimesikia hivyo sasa hivi. Basi naomba mahali pa kulala. Si kama mke, mmesema mimi ni dada. Chumba kimoja. Nitalima, nitateka maji, nitamtunza mama. Nikae mahali mtoto wangu atakapokaa."

Mama Wambeti aliinua kichwa kwa mara ya kwanza. Sikuona chuki kwa uso wake. Nadhani alikuwa karibu kusema ndiyo.

"Ombi limefika," Mwaniki alisema. "Nyumba ilikuwa ya ndugu yangu, sasa mwenyewe ni Njura. Njura, mjibu dada yako."

Njura akanitazama. Siku nzima alikuwa hajanitazama.

"Omba kitu kingine," alisema.

"Sina kingine."

"Kiende, omba kitu kingine. Omba ng'ombe. Omba shamba, nitakukatia."

"Nimeomba chumba."

"Njura, mwambie ndiyo," Mama Wambeti alisema kwa haraka. "Ni neno moja, baba. Sema tu."

"Mama, wewe hujui. Mimi nimekaa na huyu. Sijui kama mnajua vile ilikuwa." Alikuwa anaongea na watu wote sasa, na sauti ilikuwa inapanda. "Kila jioni kabla giza liingie, uko ndani. Mtu ameketi anakungoja. Hasemi kitu, anakuangalia tu. Hata sasa, narudi asubuhi, napata ameketi, anakuangalia. Nimetoka. Kila mtu ametoka. Sitaki kurudi nyumbani nipate mtu ananingoja."

"Kijana," Mwaniki alisema polepole, "unamnyima gichiaro?"

"Namnyima."

Wazee walirudi nyuma na viti vyao. Mmoja alifanya ishara ya msalaba. Mwingine akatazama dari, kana kwamba mabati yataanguka.

Hayakuanguka. Kuku waliendelea kulia nje. Boda boda ilipita barabarani na muziki. Njura alikuwa amesimama katikati ya sebule, mzima, na koti lake jipya.

Nilimtazama baba. Alikuwa ameketi na mikono wazi juu ya magoti, anamtazama Njura. Nilijua anafikiria nini kwa sababu na mimi nilikuwa nafikiria hilo hilo. Lile neno ambalo yeye hakuweza kulisema, akatoa mjukuu wake kwa kuliogopa, lilikuwa limesemwa na mtu mwingine, na dunia ilikuwa palepale.

"Baba," nikasema. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Kama yeye ameninyima, kiapo kiko wapi?"

Baba akamtazama Mwaniki, na Mwaniki akatazama chini.

Basi nikaweka shuka begani, nikavuka sebule. Hakuna aliyenizuia. Nikafika mbele ya Mama Wambeti, nikapitisha mikono chini ya makwapa ya mtoto wangu na kumshika. Alinijua, akacheka, akarusha miguu.

Mama Wambeti alinitazama machoni.

"Ni mume wangu," alisema, na hakuachilia.